Idjwi: kila dai na mwaka wake

Asubuhi moja bandarini hapa Bukavu, wakati boti ya Idjwi ilipokuwa ikiteremsha mananasi na magunia ya kahawa, niliwasikiliza vijana wawili waliokuwa wakibishana juu ya kisiwa hicho cha Ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda. Mmoja alisema kwamba Idjwi ilikuwa chini ya Mwami (yaani mfalme) Rwabugiri wa Rwanda, na kwamba wakoloni ndio walioikata na kuiweka upande huu. Mwenzake akajibu kwamba Idjwi ni ya Kongo tangu Mkutano wa Berlin wa 1885, na anayesema vingine anatafuta vita. Kila mmoja aliutaja mwaka wake kwa uhakika wa mtu aliyeshika hati ya kiwanja mkononi. Kwa jinsi ninavyoifahamu historia ya ziwa hili, wote wawili walikuwa wamekosea, na makosa yao yanastahili kuchunguzwa kwa makini kwa sababu ndiyo hayohayo yanayorudiwa na watu wazima wenye vyeo.

Mwezi wa Aprili 2023, akiwa Cotonou nchini Benin, Rais Paul Kagame alisema kwamba mipaka ya kikoloni iliigawa Rwanda, na kwamba sehemu kubwa yake iliachwa nje, mashariki mwa Kongo na kusini magharibi mwa Uganda. Kinshasa ilipinga. Tangu hapo, hapa Kivu, mazungumzo juu ya mipaka ya zamani yamekoma kuwa soga la wazee, kwa kuwa vita vipo na kila neno juu ya nani alitawala wapi husikika kama hatua ya kwanza ya safari ya mtu mwenye silaha. Ndiyo maana naona tuna wajibu wa kuisoma historia ya Idjwi yote, pamoja na kurasa zisizotupendeza sisi wa upande huu.

Nianze na kosa la kwetu. Mkutano wa Berlin, uliofanyika kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, haukuchora mpaka wa Kivu. Mipaka ya Dola Huru ya Kongo ilitangazwa na serikali ya Mfalme Leopold wa Pili tarehe 1 Agosti 1885, na kwa upande wetu ilikuwa mstari ulionyooka uliotoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini mashariki. Waliouchora walikuwa hawajaliona Ziwa Kivu. Mzungu wa kwanza anayejulikana kufika ufukoni mwake, Mjerumani von Götzen, alifika 1894. Mstari huo ulipita mashariki ya ziwa zima, juu ya milima ambayo leo ni ya Rwanda bila ubishi wowote. Kwa hiyo Mkongomani anayesimama juu ya 1885 anadai, pengine bila kujua, ardhi ambayo hakuna serikali yoyote ya Kongo huru iliyowahi kuidai. Huo si ushahidi wa kwenda nao mbele ya hakimu.

Mpaka tunaoufahamu ulizaliwa baadaye, na kwa uchungu. Wajerumani walisogea hadi Ruzizi na kwenye fuko za Kivu mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati maasi ya askari Batetela yalikuwa yameudhoofisha utawala wa Leopold katika eneo hili. Kwa miaka zaidi ya kumi pande mbili zilitazamana kwa bunduki, kila moja ikiwa na vituo vyake, chini ya mapatano ya muda ya 1899. Hatimaye Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza zilikaa Brussels kuanzia Februari 1910, na tarehe 14 Mei mwaka huo zikakubaliana. Mstari ukapitishwa ndani ya ziwa, na Idjwi ikawekwa upande wa Kongo. Mwami Musinga, aliyekuwa akitawala Rwanda, hakuulizwa, na hakuna mtu wa Idjwi aliyeitwa. Septemba 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, askari wa Kijerumani walikiteka kisiwa, na Wabelgiji wakakirudisha 1916. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ikawa mtawala wa pande zote mbili za ziwa, na mpaka uliopiganiwa ukageuka kuwa mstari wa kiutawala ndani ya mikono ya bwana mmoja hadi uhuru wa Kongo 1960 na wa Rwanda 1962.

Sasa kosa la kijana wa kwanza, nalo ni kubwa vilevile. Ni kweli kwamba Rwabugiri aliishambulia Idjwi mara kadhaa katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, kwamba Mwami Kabego wa kisiwa aliuawa katika vita hivyo, na kwamba mtawala huyo wa Rwanda aliweka makao yake kisiwani kwa vipindi fulani. Mkongomani anayekana hayo anakana jambo ambalo wazee wa Idjwi wenyewe wamelisimulia. Lakini utekaji haukuwa utulivu. Kisiwa kiliasi, na Rwabugiri alipofariki 1895 mshiko wa Rwanda juu ya Idjwi ulilegea mara moja, baami wa kisiwa wakarudi, na maisha yakaendelea chini yao. Utawala wa muda, uliokatizwa na uasi na kumalizika kwa kifo cha mtekaji, ni tukio la historia lenye uzito wake, lakini kuuita umilikaji wa kudumu ni kuutwika mzigo usioweza kubeba. Kama utekaji wa muda ungetosha kuwa hati, basi hakuna mlima katika Maziwa Makuu ambao usingekuwa na wenye hati watatu au wanne.

Kinachonisikitisha zaidi katika ubishi ule wa bandarini ni historia ambayo haikutajwa na yeyote. Idjwi ilikuwa na ufalme wake. Kabla ya Rwabugiri, koo zilizotoka fuko za magharibi na za mashariki zilikutana pale, zikaoana, zikakubaliana juu ya mwami na juu ya muganuro, sherehe ya mavuno ya kwanza ambayo kila ukoo ulikuwa na kazi yake ndani yake. Kisiwa hakikuwa pembe ya Rwanda wala mkia wa Buhavu, ufalme wa Wahavu wa nchi kavu. Kilikuwa mahali penye siasa yake, na hata leo kina maeneo mawili ya kichifu, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Mtu wa Idjwi anaweza kuwa na shangazi Kalehe na binamu upande wa Kibuye nchini Rwanda, na asione ajabu katika hilo. Ukimwambia achague mwaka, 1885 au 1895 au 1910, unamtaka achague ni mgeni yupi kati ya watatu aliyeifanya nyumba yake kuwa nyumba.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha migogoro ya visiwa vidogo, kwa sababu mchezo wa kuchagua mwaka si wetu peke yetu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague imeuona mara nyingi, na majibu yake yanafundisha zaidi kuliko hotuba. Mwaka 1953 Ufaransa na Uingereza zilifika pale zikigombea Minquiers na Ecrehos, miamba na visiwa vidogo vilivyo kati ya Jersey na pwani ya Ufaransa. Uingereza ilianzia 1066, wakati mtawala wa Normandy alipoiteka. Ufaransa ikajibu kwa 1204, wakati mfalme wake alipoiteka Normandy. Mawakili walizungumza juu ya wafalme na hati za enzi za kati kana kwamba wote walikuwa hai. Mahakama ikasema kwamba linaloamua si dhana zinazovutwa kutoka matukio ya enzi hizo, bali ushahidi unaohusu moja kwa moja umilikaji wa visiwa vyenyewe. Ushahidi huo ulikuwa nini? Kwamba maiti ilipookotwa kwenye miamba hiyo, maofisa wa Jersey ndio walioifanyia uchunguzi; kwamba vibanda vilivyojengwa pale vilitozwa kodi na parokia za Jersey; kwamba kulikuwa na kibanda cha forodha. Mambo madogo, ya kila siku, yaliyoandikwa na makarani ambao hawakujua kwamba walikuwa wakiandika hati ya nchi. Majaji wote waliipa Uingereza visiwa hivyo.

Naipenda hukumu hiyo kwa sababu inauliza swali ambalo mtu wa kawaida angeuliza: mtu alipokufa pale, nani alikuja? Kwa Idjwi jibu ni wazi. Tangu Wabelgiji walipokirudisha kisiwa hicho 1916, vizazi vya watoto wa Idjwi vimeandikwa, vimetozwa kodi, vimehukumiwa na vimepiga kura upande huu. Serikali nyingi zimepita Kigali na Kinshasa tangu uhuru, na utaratibu huo umeendelea. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu ya Kongo, na haihitaji Berlin hata kidogo.

Lakini sharti tuwe waangalifu, kwa kuwa hoja hiyohiyo ina ukatili ndani yake. Katika kesi ya Kasikili, ambacho Botswana hukiita Sedudu, kisiwa cha takriban kilomita za mraba 3.5 katika mto Chobe kinachofunikwa na maji kwa miezi kadhaa ya mwaka, Namibia ilieleza kwamba Wamasubia wa Caprivi walikuwa wakilima pale kwa miaka mingi. Mahakama haikukana kwamba walilima. Ilisema tu kwamba walikuwa wakija na kuondoka kwa kufuata majira na mahitaji ya kilimo chao, na kwamba haikuonyeshwa kwamba walifanya hivyo kwa niaba ya dola. Tarehe 13 Desemba 1999, kwa kufuata mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 na maana ya maneno yake juu ya mkondo mkuu wa mto, kisiwa kikaenda Botswana. Jembe la Msubia halikuwa na uzito mbele ya kalamu ya mwanadiplomasia wa Berlin. Katika kuisoma hukumu hiyo nilihisi kwamba majaji walikuwa sahihi kisheria, na kwamba hata hivyo kuna watu waliopoteza kitu ambacho sheria haikuwa na jina lake. Lililobaki la kutia moyo ni kwamba nchi zile mbili zilikuwa zimekubaliana tangu 1992, na Mahakama ikalithibitisha, kwamba watu na vyombo vya pande zote mbili vitapita kwa usawa katika mikondo yote miwili.

Karatasi nayo inaweza kumwangusha anayeitegemea. Gabon iliikalia Mbanié, kisiwa cha hekta 30 hivi, tangu 1972, na kudai kwamba Guinea ya Ikweta ilikubali jambo hilo katika mkataba wa Bata wa 1974. Mkataba huo ulijitokeza hadharani 2003, na kilicholetwa kilikuwa nakala tu. Hakuna aliyeweza kuonyesha hati yenyewe. Tarehe 19 Mei 2025 Mahakama ilisema kwamba karatasi hiyo si mkataba wenye nguvu ya kisheria, na kwamba haki juu ya visiwa ilitoka Hispania kwenda Guinea ya Ikweta wakati wa uhuru wake 1968. Zaidi ya miaka hamsini ya kukaa juu ya mwamba haikuisaidia Gabon, kwa sababu kukaa kwa nguvu mahali ambapo mwingine alikuwa na haki kabla yako hakuzai haki. Wanaofikiri kwamba anayeshika leo ndiye atakayehesabiwa kesho wausome uamuzi huo. Sheria ina tarehe yake ya kukatia: mgogoro ukishazuka, yale ambayo upande mmoja unafanya ili kujijengea ushahidi hayahesabiwi.

Migingo sitaigusa kwa kirefu. Kisiwa kile cha Ziwa Viktoria ni mwamba mdogo kuliko uwanja wa mpira, na agizo la kikoloni la 1926 linauweka upande wa Kenya. Tatizo lake si historia bali sangara, na polisi wa Uganda waliofika 2004. Wala Rukwanzi katika Ziwa Albert, ambako damu ilimwagika 2007 kati ya Kongo na Uganda, haikuhusu kumbukumbu za wafalme: mafuta yalikuwa yamegunduliwa chini ya ziwa, na marais wawili wakalazimika kukutana Ngurdoto, Arusha, tarehe 8 Septemba mwaka huo ili kuzituliza bunduki.

Ninachotaka kusema, basi, ni kwamba swali la nani ana mamlaka juu ya kisiwa na swali la nani anaishi kwa kisiwa ni maswali mawili, na kwamba balaa huanza pale jibu la moja linapotumiwa kulijibu jingine. Anayesema kwamba babu zake walivua kwenye ghuba ile, kwa hiyo bendera ibadilishwe, amechanganya. Anayesema kwamba bendera ni yetu, kwa hiyo mvuvi wa ng'ambo ni mwizi, amechanganya vilevile. Marais wa Afrika waliokutana Cairo Julai 1964 walikubali kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru, si kwa sababu waliiona ya haki, bali kwa sababu walihesabu ni vita vingapi vingezuka kama kila mmoja angerudi kwenye mwaka anaoupenda. Mimi ni mkazi wa Kivu, na nimeona hesabu hiyo ikiendelea. Mstari wa 1910 ni mbaya kwa jinsi ulivyozaliwa, nami nautetea bila kusitasita. Ila kuutetea mstari hakunilazimishi kuutumia kama wavu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Bahari ya Shamu. Eritrea na Yemen zilipigania visiwa vya Hanish Desemba 1995, kisha zikakubali kulipeleka jambo mbele ya baraza la usuluhishi. Yemen ilileta hoja ya haki ya kale, ya tangu enzi za maimamu. Baraza halikuikubali, likaangalia badala yake nani alikuwa akifanya kazi ya serikali pale katika miaka ya karibuni, na Oktoba 1998 likaipa Yemen kundi la Zuqar na Hanish. Hapo lingeweza kuishia. Lakini liliongeza kwamba katika kuyatumia mamlaka yake Yemen inapaswa kuhakikisha kwamba utaratibu wa jadi wa wavuvi wa pande zote mbili unadumishwa, na katika uamuzi wa pili wa 1999 likafafanua kwamba utaratibu huo unahusu hata kukausha samaki visiwani na kuuza katika bandari za upande wa pili, na kwamba mvuvi mdogo hapotezi haki yake kwa kufunga injini kwenye mashua yake. Bendera moja, na nyavu za watu wawili.

Najua pingamizi moja, nami sitaki kulikwepa. Mtu atasema kwamba uvuvi mkubwa wa Ziwa Kivu si wa jadi: sambaza tunaowala leo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika 1959, karibu miaka hamsini baada ya mpaka kuchorwa, na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, yenye taa na wavu mmoja mkubwa, ilikuja baadaye. Ni kweli. Hakuna babu wa karne ya kumi na tisa aliyevua sambaza hapa. Lakini tangu 1959 kumepita vizazi vitatu vya watu waliosomesha watoto kwa samaki hao, upande wa Bukavu na upande wa Cyangugu, na samaki wenyewe huzunguka ziwa lote bila kuuliza mkataba. Zaidi ya hayo, serikali zetu zimewahi kukubali kanuni hiyohiyo kwa kitu chenye thamani kubwa zaidi: gesi ya methani iliyolala chini ya maji haya, ambayo Zaire na Rwanda zilikubaliana mwaka 1975 kuitumia kwa pamoja bila kuusogeza mpaka hata hatua moja. Linalowezekana kwa gesi litashindikanaje kwa sambaza?

Miezi kadhaa iliyopita mvuvi mmoja wa kusini mwa Idjwi alinionyesha risiti ya faini. Alikamatwa usiku na doria ya upande wa pili, akakaa ndani siku nne, wavu wake ukachukuliwa, kisha akalipa na kuachiwa. Karatasi ilikuwa imelowa na kukauka tena, wino umetawanyika, lakini ilisomeka. Palikuwa na nafasi ya jina, ya tarehe, ya kiasi, na nafasi ya mahali kosa lilipotendeka. Karani alikuwa ameandika neno moja tu: ziwani. Nilimwuliza kama anajua alikuwa upande gani alipokamatwa. "Mzee, usiku ule mwezi haukuwapo," alijibu. "Tulikuwa tunafuata samaki. Mstari wenyewe umekaa wapi, mimi naomba mtu anionyeshe."

Ombi lake lina jibu la kiufundi, na si ghali kwa nchi zinazonunua silaha. Tume ya pamoja inaweza kuupima upya mstari wa 1910 juu ya maji, kama Kenya na Uganda zilivyokubali kufanya 2009, na kuweka maboya yenye taa katika sehemu ambazo wavuvi wa Idjwi na wa Nyamasheke hukutana. Kadi ya mvuvi iliyotolewa upande mmoja inaweza kutambuliwa upande wa pili ndani ya ukanda wa kilomita chache, kwa masharti yaleyale ya ukubwa wa macho ya wavu na ya miezi ya kufunga ziwa. Na anayekamatwa nje ya ukanda huo aandikiwe karatasi yenye vipimo vya mahali alipokutwa, ili ajue alivuka nini, na ili hakimu, wa upande wowote, awe na kitu cha kusoma.